Mkata Vimeo Aliyemkataa Mwanangu

Jambo lote liligharimu magunia kumi na manne ya vitunguu, baiskeli ya mume wangu, vitenge vyangu vyote isipokuwa viwili, na mkopo wa shemeji ambaye hadi leo tukikutana anauliza hali ya mtoto kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya fedha zake. Nimehesabu mara mbili. Malipo ya mtu aliyetuambia twende hospitali hayamo, kwa sababu aliyakataa. Katika maisha yangu ya biashara, hilo ndilo lililonitisha kuliko yote aliyowahi kufanya. Mtu anayekataa kulipwa ama ana wazimu, ama anajua kitu ambacho wewe bado hujakijua.

Wote tulimwita Fundi. Mikumi ilikuwa na mafundi wengine, wa cherehani, wa baiskeli, wa redio, lakini hao walihitaji neno la pili. Ukisema Fundi peke yake, akina mama walishika koo. Kazi yake ilikuwa kukata vimeo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Fungua kinywa mbele ya kioo utakiona. Kwetu mtoto akikohoa bila kukoma, akitapika maziwa, akagoma kunenepa, watu husema kimeo chake kimerefuka, kinamkwaruza. Na kilichorefuka hupunguzwa. Watoto wengi mno wa wilaya yetu ya Kilosa walipunguzwa na mkono ule mmoja.

Alishuka kutoka mlimani Vidunda na mfuko wa rambo na kigoda. Siku za gulio la Mikumi alikaa nyuma ya wauza masufuria, chini ya turubai la buluu. Siku nyingine ungemkuta Kilosa mjini, karibu na reli. Vifaa vyake vilikuwa viwili tu: kijiko cha kukandamizia ulimi, na chuma chembamba chenye mpini mrefu, kilichopinda mwishoni kama mundu wa mtu mfupi sana.

Na koti. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye meza akawa mfanyabiashara na kila mwenye vidonge akawa na duka la dawa. Mitumba ilimwagwa chini kama mchanga. Fundi alichagua humo koti jeupe, refu hadi magotini, lenye maandishi ya kigeni mgongoni, akatangaza kwamba ni la daktari bingwa. Mwalimu mmoja wa sekondari aliyasoma yale maandishi, akatunong'oneza kwamba ni koti la duka la samaki. Hakuna aliyethubutu kumwambia mwenyewe. Mimi nilikuwapo alipolinunua: alilipa bei ya kwanza aliyotajiwa, bila hata kukunja uso. Nikamwonea huruma. Lakini kwenye kutoza alikuwa na ulimi.

"Fundi, jogoo mzima kwa kinyama kidogo vile?" nilimsikia mama mmoja akilalamika.

"Mama, koo si fungu la nyanya. Ukitaka nusu bei, nikate nusu?"

Mama akatoa jogoo.

Alikuwa na maneno yake ambayo aliyarudia hadi wauza masufuria waliyamaliza kwa niaba yake. Kimeo ni mkia, alisema, na umeona wapi mkia mdomoni? Alinawa mikono baada ya kukata, si kabla. Nilimuuliza sababu. "Kabla ya kukata mikono haijafanya kitu," akanijibu, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini usiku kuna giza. Mtoto akishakatwa, Fundi hakumtazama. Alifumba macho na kuinamisha kichwa, akasikiliza kilio chake hadi mwisho. "Anayelia anapumua," alisema, ndipo akapokea malipo. Nilidhani ni maringo, kama mimi ninavyosikiliza sarafu zikigonga meza.

Na mtu huyo alikuwa mwoga! Aliogopa mbwa. Aliogopa mto Mkondoa ukijaa, akakaa upande wa pili hata siku mbili huku watoto wadogo wakivuka mgongoni kwa mama zao. Zaidi ya vyote aliogopa sindano. Wauguzi wa chanjo wakionekana gulioni, Fundi alifunga mfuko wake kwanza, akauliza habari baadaye. Siku moja mwiba ulimwingia unyayoni, nikautoa mimi. Alinishika bega akageuza uso, jasho likimtoka.

"Mama Rajabu, zungumza. Zungumza chochote."

"Nizungumze nini, Fundi?"

"Bei ya vitunguu! Taja bei, usinyamaze."

Nikataja bei. Mwiba ulipotoka alikuwa ameshakubali gunia kwa bei ambayo hata mimi niliona aibu kuidai. Niliidai hata hivyo, akalipa.

Sasa nimemtaja Rajabu. Ni mwanangu wa pili, na wa kwanza wa kiume. Baba yake alilima vitunguu Lumuma, mimi nikiviuza Mikumi kando ya barabara kuu, ambako madereva wa malori hununua haraka na kuchunguza kidogo. Mtoto nilimbeba mgongoni. Alizaliwa mzima na mwenye kelele, kisha akaanza kutapika. Kila mtoto hucheua, najua. Huyu maziwa yalimrudi kwa mdomo na kwa pua, akajikunja kwa nyuma kama anayevutwa nywele, akakohoa, na mara nyingine pumzi ikasimama. Ikasimama kabisa. Midomo ikawa rangi ya zambarau, mimi nikimtikisa na kuita jina lake, na mteja mbele yangu akishika kitunguu asijue akirudishe au aondoke nacho.

Alilazwa kwa nimonia, akatoka, akalazwa tena. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake ulianguka kutoka kwenye kijani hadi kijivu, na kutoka kijivu hadi nyekundu. Muuguzi aliniambia nimnyonyeshe kidogo kidogo na nimlaze kichwa juu. Nilifanya hivyo. Nilianza kuhesabu pumzi zake. Nilihesabu mara mbili, nikapata hesabu mbili tofauti, nikaanza upya. Mezani kwangu hesabu zisipolingana najua nimeibiwa. Pale sikujua ni nani anaiba.

Mama mkwe wangu alijua. "Ana kimeo," alisema. "Wanangu wote walikatwa, na wote unawaona. Unasubiri nini, msiba?"

Basi siku ya gulio tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma na mtoto. Chini ya turubai kulikuwa na akina mama wengine wakisubiri zamu. Nitasema kweli: niliogopa kile chuma, lakini nilipatana bei. Mdomo wangu ulizoea. Fundi alitaka jogoo na fedha, nikasema jogoo peke yake, akasema jogoo na fungu la vitunguu, tukaelewana. Mama mkwe akamshika Rajabu kichwa. Fundi akaingiza kijiko.

Hapo mtoto akatapika, yote juu ya koti la daktari bingwa wa samaki. Kisha akanyamaza. Midomo ikageuka rangi.

Mama mkwe alipiga ukelele. Fundi alimnyakua Rajabu, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja, mara moja, mara nyingine, huku akisema, "Lia. Lia, bwana. Lia!" Sijui ni muda gani. Mimi mwenye kuhesabu kila kitu sikuhesabu. Halafu kikatoka kitu kama mlio wa paka, na Rajabu akalia.

Fundi alinirudishia mtoto.

"Ondoka naye," akasema.

"Fundi, unatufukuza?" mama mkwe akauliza. "Kosa letu nini?"

"Kimeo chake ni kidogo kuliko changu mimi."

"Basi kata hicho hicho kidogo!"

"Sikati. Huyu ana mchango, maradhi ya tumbo, yanampanda hadi kooni. Mpelekeni hospitali. Si hii ya kuandikiwa vidonge. Ile ya mbali, yenye mashine."

Nilimnyooshea jogoo, maana alimrudisha mwanangu hai, na hata mimi nina kiasi. Alimsukuma pembeni. Akainama karibu na sikio langu, nikasikia harufu ya maziwa yaliyochacha kwenye koti lake. "Nilimkata mmoja aliyegeuka rangi hiyo," akasema. "Kule kijijini Mvumi. Hakulia."

Kisha akajinyoosha, akafuta chuma chake kwenye pindo la koti, akaita kwa sauti ileile ya kila siku: "Anayefuata!"

Na mama aliyefuata akasogea.

Sina la kusema juu ya Kilosa, ambako tuliandikiwa kwenda Morogoro, wala juu ya Morogoro, ambako tuliandikiwa kwenda Dar es Salaam, ila kwamba kila mahali palikuwa na dirisha la kuchangia gharama na kila dirisha lilifunguka upande mmoja. Dar walimnywesha Rajabu maji meupe kama chokaa, wakampiga picha, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtu alinionyesha mwizi wangu. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, aliweka ile picha kwenye taa. Yale maji meupe yalishuka tumboni, kisha yakapanda tena hadi karibu na koo, bila mtu kuyaita.

"Tumbo lina asidi, mama, ya kusagia chakula. Pale juu linapoungana na umio pana mlango unaofungwa. Wa mwanao haufungi. Asidi inapanda, inamuunguza, nyingine inaingia mapafuni. Ndiyo hizo nimonia. Dawa tumempa, hazijatosha."

"Kwa hiyo si kimeo?"

"Si kimeo. Ningekuta kimekatwa, angekuwa na kidonda juu ya asidi. Sidhani kama angefika hapa."

Nilikaa chini. Palikuwa na kiti, lakini nilikaa sakafuni.

Walikuwa na wageni, madaktari kutoka nje waliokuja kwa muda kufanya upasuaji wa namna mpya pamoja na wa kwetu. Hawampasui mtoto tumbo. Wanatoboa matundu madogo, wanamjaza hewa tumboni ili papatikane nafasi, wanaingiza kamera na vyuma virefu vyembamba, kisha wanachukua sehemu ya juu ya tumbo na kuizungushia umio kama kola ya shati, wanaishona. Mlango unapata wa kuubana.

"Matundu mangapi?" niliuliza.

"Matano."

"Fanyeni matatu."

Daktari alinitazama, akaona sifanyi mzaha. Akacheka, lakini kwa heshima. "Hapa hatupunguzi, mama."

Aliniambia pia mambo ambayo sikuyataka. Kwamba anaweza asiamke. Kwamba huenda mkono wa chuma ukagusa pasipotakiwa, wakalazimika kumpasua kabisa. Kwamba hata wakifaulu, kola inaweza kulegea miaka ijayo. Nikatia sahihi. Wakamchukua. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba nesi alimbeba kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akanifungia mlango.

Kwenye benchi la nje niliogopa kwa namna ambayo sikujua ipo. Nilikuwa nimezoea hofu ya kelele: kikohozi, kukoroma, kujikunja. Hii ilikuwa hofu ya mlango uliofungwa na nyuma yake kimya. Nikakumbuka Fundi alivyofumba macho akisikiliza, nikaelewa kwamba hayakuwa maringo hata siku moja. Kila kilio alikuwa anakisubiri kama mimi ninavyosubiri sasa. Tofauti ni kwamba yeye aliingia humo kwa hiari yake, kila siku ya gulio, halafu akaita anayefuata. Hadi leo sijui kama niite ujasiri au kitu kibaya kuliko woga.

Rajabu alitoka hai. Hakutapika jioni ile, wala kesho yake. Walinionya kwamba hataweza kutapika vizuri wala kubeua, kwamba atajaa gesi, kwamba nimlishe kidogo kidogo. Ule utulivu ulinitisha kuliko matapishi. Nilimwamsha kwa kumfinya, alie, nijue yupo. Nesi akanigombeza, nikaacha, alipogeuka nikamfinya tena.

Tuliporudi Mikumi, Fundi alifika mezani kwangu kabla sijapanga vitunguu.

"Wamemkata wapi?"

Nilimfunua mtoto tumbo. Akainama, akavaa miwani yake ya kamba, akatafuta kovu. Nikamwonyesha alama tano, kila moja kama punje ya mahindi.

"Uongo. Hapa panapita nini, sindano?" Akarudi nyuma hatua moja.

"Panapita kamera, Fundi. Wao wanatazama kwenye televisheni huku wanashona."

"Wanatazama televisheni? Mtoto amelala pale, wao wanatazama mpira?"

"Wanatazama tumbo lake."

Kisha akauliza swali ambalo aliniuliza kwa wiki nyingi baadaye, kila alipopita: "Wanajuaje kama analia?"

"Halii, Fundi. Amelazwa usingizi."

"Basi wanajuaje?"

Nilimweleza mashine inayolia kwa niaba ya mtoto, ti, ti, ti. Akatikisa kichwa. Nadhani alimwonea wivu yule daktari, na wakati huohuo asingebadilishana naye hata kwa magulio yote ya Morogoro.

Mtu angetarajia aache kazi. Hakuacha. Aliendelea kukata, ila sasa kabla ya kijiko aliuliza, "Anageuka rangi?" Aliyejibu ndiyo alimfukuza kwa matusi hadi kituo cha mabasi. Wengine aliwakata. Tuligombana kwa hilo mbele ya watu.

"Fundi, ikiwa wale si wa kukatwa, unajuaje hawa ni wa kukatwa?"

"Hawa wanalia vizuri."

"Hiyo ni sababu?"

"Wewe unachaguaje kitunguu? Unakibonyeza. Kikikaza, unauza. Umewahi kukipasua uone ndani?"

Watu wakacheka. Baadaye nilipata jibu, kwamba kitunguu kikioza ndani narudisha fedha. Lakini alikuwa ameshaondoka, na jibu lililochelewa halina mnunuzi.

Miaka ikaenda. Barabara ikajaa mabasi, kila kibanda kikauza vocha za simu, na koti jeupe likageuka rangi ya vumbi. Macho ya Fundi yakafifia. Akamfundisha mwanawe kazi, akamwachia kigoda na turubai, akapanda Vidunda asionekane tena. Mwanawe alikuwa na mkono mwepesi na simu ya mkononi. Ulimpigia, akaja hadi nyumbani. Rajabu akaanza shule. Kila akikohoa darasani nadhani mimi ndiye niliyesikia wa kwanza, nikiwa barabarani, nikauliza moyoni kama ile kola imelegea. Haijalegea. Nasema hivyo kila siku, kila siku upya.

Juzi nilikuwa nafunga meza, jua likiwa bado lipo, nikamwona mzee anakuja akipapasa kwa fimbo ukingoni mwa lami, malori yakimpigia honi. Nilimjua kwa jinsi alivyojikunyata mbwa alipopita.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Rajabu?"

"Mzima. Yuko shule. Karibu ukae."

Hakukaa. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alikuwa ameshuka mlima kwa miguu, pumzi zinamtoka vipande vipande. Akaniambia binti yake wa mwisho amejifungua, na mtoto anatapika.

"Anageuka rangi?" niliuliza, nikasikia sauti yake ikitoka mdomoni mwangu.

"Anageuka. Kama wako. Kesho asubuhi mwanangu atamkata. Binti yangu amekubali. Jogoo ameshafungwa."

"Fundi! Waambie wampeleke hospitali. Nauli nitatoa mimi, kesho kuna basi."

"Nimewaambia. Mwanangu akaniuliza mbele ya mji mzima: baba, kama kimeo si kitu, wale wote uliowakata miaka yote ulikuwa unafanya nini? Nikasema labda macho yangu yamechoka. Wakacheka."

Lori likapita, likatutikisa sote wawili.

"Mama wa yule mtoto wa Mvumi ameolewa kwetu sasa," akaendelea. "Ndiye anayempikia binti yangu uji wa uzazi. Kila asubuhi ananipigia magoti, shikamoo baba, akiamini nilihangaika na mwanawe nikashindwa na Mungu. Nikisema mbele yao kwamba kimeo si kitu, hata yeye atasikia. Atajua nilimuua mwanawe bure. Na nisiposema, kesho watamshika huyu kichwa."

Niliacha kufunga meza.

Akanyoosha mkono hewani akinitafuta, hadi akanipata bega, palepale aliponishika siku ya mwiba, akabana kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo.

"Hospitali naijua, usiniambie hospitali," akasema. "Wewe unajua kusema na watu hadi wakatoa wasichotaka kutoa. Nishauri, Mama Rajabu. Nikifika pale mlangoni, na yule mama amekaa na sufuria yake ya uji, nianze na neno gani?"